Siku moja Bruxelles, na ile orodha yetu

Wamama wapendwa, tangu nirudi mmekuwa mkiniuliza jambo moja kwa mdomo na jambo lingine kwa macho. Kwa mdomo mnauliza: kule Ulaya ulikula nini? Kwa macho, kila Jumapili tunapokaa chini ya mwembe, mnauliza: mashine iko wapi? Leo nitajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu majibu yake niliyapata siku moja, Jumamosi ya mwezi wa tisa, kati ya asubuhi na saa tatu ya usiku. Binti yangu amenipa ruhusa ya kuandika. Aliniambia kwenye simu: «Andika, Mama. Labda simu zitapungua.»

Mnakumbuka nilivyoondoka. Nilikwenda kumsaidia binti yangu wa kwanza, aliyejifungua mtoto wake wa tatu. Tiketi walilipa yeye na mume wake. Usiku wa kuamkia safari, nyumbani kwangu Mangobo palikuwa kama penye kilio, watu wamejaa hadi uani. Kila mtu alileta salamu, na kila salamu ilikuwa na mkia. Mwanangu wa mwisho akachana karatasi ya daftari akaanza kuandika ili nisisahau. Namba moja niliweka mimi mwenyewe, sifichi: mabati 30 ya nyumba. Namba mbili kaka yangu, injini ya mtumbwi. Kulikuwa na minerval ya watoto wa dada yangu, dawa za sukari za dada yangu mwenyewe, simu tatu, vyombo vya muziki vya kwaya pamoja na spika zake. Namba saba tulikuwa sisi, chama chetu: mashine ya kusaga mihogo. Jumla mambo 11. Nikaikunja ile karatasi nikaiweka ndani ya pochi pamoja na pasipoti.

Nilikaa wiki tano bila kuitoa. Nilijiambia: nangoja siku nzuri. Mtoto mchanga analia, mama yake hajalala, huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo habari ya injini ya mtumbwi. Kisha binti yangu akasema kwamba Jumamosi kabla sijarudi tutatembea mjini sote, nione mji, tule. Nikasema moyoni, basi, siku yenyewe ndiyo hiyo.

Usiku wa Ijumaa niliamka kunywa maji nikamkuta jikoni. Alikuwa na kopo la biskuti, anapanga sarafu juu ya meza, rundo kwa rundo, kama mimi ninavyopanga nyanya sokoni. Nikauliza ni nini. Akasema: «Ni za kesho, Mama. Nimekuwa nakuwekea tangu mimba.» Nilirudi kulala. Sikufikiri sana.

Asubuhi tukapanda metro: mimi, binti yangu na kichanga mgongoni kwake, mkwe wangu, na wajukuu wawili, wa kiume miaka tisa, wa kike miaka sita. Nilikuwa nimekaanga mikate na kuweka chai ndani ya thermos, kwa sababu siwezi kutoka nyumbani na watoto mikono mitupu. Wajukuu waliona haya kidogo. Kufika saa nne waliimaliza yote.

Pale katikati ya mji kuna uwanja unaoitwa Grand-Place. Kwa Kiflamandi wanauita Grote Markt, maana yake soko kubwa, na mimi mtu wa soko nikawa nimefika kwetu. Leo hawauzi tena mboga pale, lakini mitaa yote ya pembeni imebaki na majina ya vitu vilivyouzwa: mtaa wa siagi, mtaa wa wachinjaji, mtaa wa samaki heringi, soko la majani, soko la makaa, hata mtaa unaoitwa Nyama na Mkate. Nyumba moja ya fahari iliyo mbele ya jumba la mji, ambayo kwa Kifaransa wanaiita nyumba ya mfalme, kwa Kiflamandi ni nyumba ya mkate, kwa kuwa zamani sana mkate ulikuwa unauzwa pale. Nilimwambia mkwe wangu: angalia, Wafaransa wamekumbuka mfalme, hawa wengine wamekumbuka tumbo. Akacheka akageukia pembeni. Ni mtu wa heshima sana huyu, nitarudi kwake.

Nyumba zinazozunguka uwanja ni ndefu na nyembamba, zimeshikana bega kwa bega, na zimepakwa dhahabu kwenye vichwa. Nilifikiri ni za matajiri. Mkwe wangu akanieleza kwamba zilikuwa nyumba za vyama. Waoka mikate walikuwa na nyumba yao, watengeneza pombe yao, wachinjaji yao. Watu wa mashua walikuwa na yao, na paa lake limejengwa kwa umbo la nyuma ya meli. Hiyo niliiangalia muda mrefu. Nilifikiria Waenya wetu pale kwenye maporomoko ya Wagenia, na mitego yao mikubwa ya kusuka inayoning'inia kwenye magogo juu ya maji: nao wangeweza kujenga nyumba yenye paa la mtumbwi, wangepata nafasi. Nikauliza nyumba ya chama cha wamama ni ipi. Mkwe wangu akatafuta kwenye simu yake, akatafuta tena, akanyamaza.

Halafu akasoma jambo lililotufanya sote tusimame. Mji huu ulipigwa mabomu. Mwezi wa nane mwaka 1695 jeshi la mfalme wa Ufaransa lilisimama juu ya kilima likapiga mizinga na moto kwa siku tatu. Uwanja huu wote tuliosimama uliungua. Nyumba zipatazo 4,000 za mji ziliharibika. Mnara wa jumba la mji, wenye mita 96, ambao ndio wapiga mizinga walikuwa wanaulenga, ndio uliobaki umesimama. Na zile nyumba za dhahabu si za kale kama zinavyoonekana: vyama vilizijenga upya baada ya moto, kwa miaka mitano hivi.

Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameacha kumpapasa mtoto mgongoni.

Sisi tulio wa mji huu hatuhitaji kuelezwa siku sita za mwezi wa sita mwaka 2000. Jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda walipigana katikati yetu, kwa mji usio wao. Umoja wa Mataifa uliandika baadaye raia zaidi ya 760 waliokufa na nyumba zaidi ya 4,000 zilizoharibika. Hesabu ile ile, nyumba elfu nne. Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Tulikuwa watu saba chini ya kitanda na kando ya kitanda, na hatukuwasha moto kwa sababu ya moshi. Tulikula mihogo mibichi na ndizi mbichi, na kwa maji tulikinga mvua kwa sufuria iliyowekwa mlangoni, nikiivuta kwa fimbo. Siku ya nne kitu kilitoboa paa juu ya chumba cha watoto. Chumba kilikuwa kitupu, Mungu alitaka.

Mjukuu wa kiume akauliza kwa nini mama yake amenyamaza. Binti yangu akachuchumaa pale pale kwenye mawe ya uwanja, watalii wanapita, akamwambia kwa Kifaransa kwamba alipokuwa na umri wake, mji wake nao ulipigwa hivi. Mkwe wangu alinong'ona kwamba hajawahi kumsikia akiwaambia watoto. Mtoto akafikiri, akanigeukia mimi:

«Na nyinyi, Koko, mlijenga tena?»

Nikamwambia tulijenga. Sikumwambia kwamba lile shimo la paa tumeliziba kwa bati la kopo la mafuta na lami, na kila masika tunaziba upya. Mama yake alijua. Karatasi ilikuwa ndani ya pochi yangu, namba moja imeandikwa mabati, na kwa mara ya kwanza niliona uzito wake kama nimebeba mabati yenyewe.

Watoto lakini hawakai kwenye huzuni. Walitaka kunionyesha Manneken Pis. Tukatembea katikati ya watu wengi, picha zinapigwa, tukafika kwenye pembe ya mtaa. Wamama, ni sanamu ya mtoto mwanamume, haifiki hata mita moja, anakojoa. Ndiyo hiyo tu. Ya asili ilitengenezwa mwaka 1619 na imewekwa ndani ya ile nyumba ya mkate isiibiwe. Huyu wa mtaani ni nakala. Ana nguo zaidi ya 1,000 zilizoletwa na nchi na vyama vya dunia nzima, na kuna siku wanamvalisha. Siku yetu alikuwa uchi. Nikasema kwa sauti kwamba Mangobo naona watano kila asubuhi bila kulipa ndege. Wajukuu walicheka hadi mdogo akakaa chini.

Sasa chakula. Binti yangu alisema lazima nile viazi vya kukaanga, kwa kuwa Wabelgiji hawana utani na viazi vyao. Wanavikaanga mara mbili, mara ya kwanza polepole viive, vinapoa, halafu mara ya pili kwa moto mkali vikauke nje, na wengi wanatumia mafuta ya ng'ombe. Vinatiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa kama faneli na sosi juu. Nawaambia ukweli: ni vizuri. Nje vinavunjika kama ganda, ndani ni laini kama makemba yaliyoiva. Mbinu ile ya mara mbili nimeijaribu hapa kwa mihogo na inakubali, mjaribu nanyi, ila acheni ipoe kabisa kabla ya kuirudisha kwenye mafuta.

Alinunua faneli mbili kubwa kwa euro 11. Mkwe wangu alichukua vyake vichache akaenda kula nyuma ya nguzo, ametupa mgongo, kwa sababu kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe. Bruxelles katikati ya mchana, mwanamume mzima anakula viazi kwa kujificha. Nilimheshimu sana.

Binti yangu hakula. «Sina njaa, Mama, kuleni nyinyi.»

Nilipeleka kiazi mdomoni kikasimama. Maneno hayo nayajua. Ni maneno yangu. Niliyasema mwaka 2000 chini ya kitanda, nikayasema baada ya hapo miaka mingi, kila sufuria ilipokuwa ndogo kuliko watoto. Kila mama anayesoma hapa ameyasema. Sikuwahi kufikiri nitayasikia Ulaya, yanatoka kwa mtoto wangu, anayenyonyesha.

Nikamwambia na mimi nimeshiba, nikamsukumia faneli. Akakataa. Nikasukuma. Tulifanya hivyo hadi mjukuu wa kike akasema kama hakuna mwenye njaa atamaliza yeye, ndipo mama yake akala.

Tulipita kwenye njia moja ndefu yenye paa la vioo, ya mwaka 1847, maduka ya chokoleti pande zote. Pale kuna duka ambalo mwenyewe, Jean Neuhaus, mwaka 1912 alianza kutengeneza chokoleti zenye kitu laini ndani wanazoziita pralini. Zimepangwa ndani ya vioo kama hereni za dhahabu, zinauzwa kwa gramu. Niliwaeleza wajukuu tunda la kakao lilivyo, kama papai dogo lenye mifupa, na zile mbegu ndani ya ute mweupe ambao watoto wa Bengamisa wanaunyonya. Hawakujua kwamba chokoleti inatoka kwenye mti. Muuzaji alikuwa anasikiliza, akauliza kama ni kweli nimeuona mti wenyewe kwa macho. Yeye hajawahi. Akatupa kila mmoja kipande cha kuonja, na katika siku ile yote hicho ndicho kitu pekee tulichopewa bure.

Mchana tulipanda kilima kwa miguu kuelekea Matonge. Mkwe wangu alikuwa amependekeza twende Tervuren, kwenye jumba la makumbusho ya Kongo, na makaburi ya ndugu zetu saba kati ya wale 267 walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa watu kama wanyama. Nilikataa kwa siku ile. Nilikwenda siku nyingine, na hiyo nitawaandikia peke yake.

Njiani tukapita mbele ya Léopold wa Pili, juu ya farasi wake. Ndevu zake kubwa. Mwaka 2020 watu walimmwagia rangi nyekundu. Nilimtazama, naye hakunitazama, tukaendelea. Hatua chache kutoka pale kuna bango la buluu: Square Patrice Lumumba. Waliufungua tarehe 30 ya mwezi wa sita mwaka 2018. Msifikiri ni uwanja kama Grand-Place, ni sehemu ya njia ya watu tu. Lakini mtu aliyekuwa karani wa posta hapa kwetu, wakati mji unaitwa Stanleyville, ana jina lake kwenye mji mkuu wa wale waliomtawala. Mwezi wa sita mwaka 2022, jeneza lenye jino lake lilipopitishwa Kisangani, nilisimama kwenye jua na wengi wenu. Nikapiga picha chini ya bango, nimesimama wima kama mwanafunzi.

Ni hapo mjukuu wa kike alipoinua kidole. Upande ule kuna majengo ya vioo matupu, ya watu wa Umoja wa Ulaya na wale wanaofanya kazi nao. Akasema kwa furaha: «Koko, biro ya Mama iko kule! Mama ana ufunguo wa ghorofa zote. Anakwenda usiku, sisi tukiwa tumelala, anaosha, halafu anarudi kututengenezea chai.»

Wamama, mnajua nilivyotangaza habari ya biro ile. Kwenye soko, kanisani, kwenye mkutano wetu. Nilisema binti yangu yuko kwenye biro za Ulaya kabisa, ghorofa ya juu. Nilifikiri yuko kwenye kiti.

Binti yangu aliangalia chini. «Sikukudanganya, Mama. Ulisikia biro, ukafurahi sana, nikashindwa kuongeza.»

Ningesema nini? Mimi nimemlea kwa kuuza sombe, fungu kwa fungu, mikono ya kijani hadi kwenye viwiko. Ni mimi nitakayeona haya kwa ufagio? Kilichoniuma ni kitu kingine. Nilihesabu. Kila tarehe tano, kwa miaka saba, pesa imefika Kisangani. Kila tarehe tano bila kukosa, hata mwezi aliojifungua. Na mimi nilikuwa nazipokea nikifikiri ni makombo yanayoanguka kutoka kwenye meza kubwa.

Nikamuuliza: «Ghorofa ngapi?»

«Sita.»

«Na mimba ile yote?»

«Hadi mwezi wa nane.»

Nikachukua kichanga kutoka mgongoni kwake nikamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge changu. Tukaingia Matonge hivyo.

Matonge ya Bruxelles imechukua jina la Matonge ya Kinshasa, na kelele pia. Nywele, vitenge, muziki, samaki wa chumvi, chikwange. Niliona sombe iliyogandishwa ndani ya mfuko, ngumu kama tofali. Bei yake kwa mfuko mmoja ni bei ya mafungu ninayouza siku nzima. Makemba yanauzwa moja moja, kwa kupimwa kwenye mizani. Mama mmoja wa dukani alinisikia nikilalamika akauliza: «Uko wa Boyoma?» Yeye ni wa kule ng'ambo, Lubunga. Hajavuka mto wetu miaka 19. Aliuliza kama mitumbwi bado inavusha kutoka ufuko ule ule. Nilipojibu ndiyo, alifunga macho kidogo, kisha akanipunguzia bei ya pilipili.

Jioni tukaingia kwenye mgahawa mdogo wenye meza sita. Binti yangu aliagiza sahani mbili kwa watu watano: sombe, makemba na samaki wa kuchoma. Hakukuwa na lituma, na mpishi aliposikia neno hilo alicheka akasema kutwanga makemba kwa kinu kungemletea polisi kutoka ghorofa ya juu. Safari hii sikungoja. Kabla binti yangu hajafungua mdomo kusema hana njaa, nilimwekea mbele yake samaki mzima, kichwa kikimtazama, nikamwambia: kula, nakuangalia. Alikula hadi mifupa. Mkwe wangu akaona ni bora akatembeze kichanga nje. Sombe yenyewe ilikuwa na mawese kidogo sana, na niliinyamazia kwa adabu, ila hapa naweza kuisema.

Ndani ya tramu ya kurudi watoto walilala. Binti yangu akaninyooshea mkono.

«Mama, toa karatasi.»

«Karatasi gani?»

«Mama. Mjomba alinipigia kabla ndege yako haijatua. Kila anayetoka nyumbani anakuja nayo. Toa.»

Nikaitoa. Alikuwa ameshajua wiki tano zote, na mimi nilikuwa nikiificha wiki tano zote, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma. Akaisoma chini ya taa ya tramu. Alipofika kwenye spika za kwaya alicheka, nami nikacheka, tukacheka hadi mwanamke mmoja mzee wa kizungu akageuka kututazama. Akachukua kalamu ya mtoto wake. Dawa za sukari za mama mdogo wake akazungushia mstari. Minerval akazungushia ya mtoto mmoja, yule anayemaliza sekondari. Nilimnyang'anya kalamu nikakata namba moja, mabati. Akaichukua tena, akaandika pembeni ya nilipokata: 10, kidogo kidogo. Akasema: «Lile shimo nalijua, Mama. Nimelala chini yake.»

Akafika namba saba. Akauliza chama chetu kina wamama wangapi. Nikasema 42. Akauliza kwenye likelemba kila mmoja anaweka ngapi kwa wiki. Nikamwambia. Alihesabu kwa midomo, bila kusema neno, kwa namna ile ile alivyokuwa akipanga sarafu jikoni. Sikungoja amalize. Nilikata namba saba mwenyewe, mistari miwili. Mkononi mwangu ilikuwa kalamu, si yake, kwa hiyo mwenye hasira aje kwangu, asimpigie simu.

Hesabu aliyoianza katika tramu nimeimaliza hapa nyumbani, nimeiandika kwenye daftari, nitaileta Jumapili. Kuna fundi wa Makiso anayeunda mashine za kusaga kwa mota za zamani, na bei yake si ile tuliyokuwa tunaiota.

Kuhusu ile chokoleti niliyowaletea: sanduku lilikuwa na vipande 24, ndilo zawadi aliyonunua kwa sarafu zilizobaki ndani ya kopo. Sisi tuko 42. Ndiyo maana kila mmoja alipata nusu, iliyokatwa kwa kisu cha sombe, na Mama aliyeuliza kwa nini yake imepondeka sasa anajua. Nusu zilizobaki zilikuwa sita. Hizo nilikula mimi, usiku, nimefunga mlango.